Kaka Yangu, Mchimba Sandarusi

Nilipoachika sikuwa na pa kwenda ila kwa baba. Mume wangu alikuwa mtu wa Kivinje, mwenye kanzu safi na subira fupi, na talaka alinipa kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Nikafunga kanga zangu, nikajitwika mzigo, nikaenda kwetu upande wa Tingi, njia nzima nikitafuta maneno ya kumwambia baba. Sikuhitaji hata moja. Kaka yangu alikuwa uani ananawa miguu, akaniona nikiingia na mzigo kichwani, akaelewa. Baba akatoka ndani anauliza, "Kuna nini? Mbona peke yako?" Kaka akamjibu kabla sijafungua mdomo.

"Amerudi kwao, baba. Mtu akirudi kwao haulizwi."

Siku zilizofuata akakata miti msituni akanijengea chumba, ubavuni mwa nyumba ya baba. Alikandika udongo mwenyewe. Mlango aliuelekeza upande wa jiko la mkewe, ili, alisema, tusipate nafasi ya kusengenyana.

Kazi yake ilikuwa kuchimba sandarusi. Siku hizi vijana hawaijui. Ni utomvu wa miti ya kale uliozama ardhini ukawa mgumu kama jiwe, wa rangi ya asali, na ganda lake lina vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Wahindi wa Kivinje waliununua, nao wakaupeleka ng'ambo kutengenezea rangi ya kung'arisha mbao. Kaka na wenzake waliingia msituni na majembe na miuo, ile miti iliyochongwa ncha, wakachimba mashimo yenye kina cha kumzidi mtu kimo. Shimo likiisha sandarusi waliliacha, wakaanza jingine. Kwa hiyo msitu wetu wote ulikuwa umetobolewa, na mashimo ya zamani yalifunikwa na vichaka hata mgeni asingejua yapo mpaka atumbukie. Kaka aliyajua yote. Baba naye alikuwa mchimbaji, na babu kabla yake. Hatukuwa watu wa mali. Tulikuwa watu wa udongo kwenye kucha.

Kaka mwenyewe alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na kicheko chake kilitangulia kufika nyumbani kabla yake. Hakuwa mwanachuoni. Sala zake alizipata kwa kusikiliza, kama sisi sote, na akikosea alisema Mungu anajua alichokusudia. Kitu kimoja hakukiweza kabisa, nacho ni kukaa bila kufanya kazi mbele ya mtu anayefanya kazi. Akikukuta unatwanga alishika mchi. Wanaume wenzake walimcheka. Alicheka nao, huku anatwanga.

Mkewe alimtoa mbali, Kilangala, upande wa Lindi. Alikwenda huko mwaka mmoja kutafuta mpira wa msituni, ule utomvu uliokuwa ukiuzwa pwani, akarudi bila mpira ila na mke. Wifi yangu alikuwa Mmwera, mrefu kumpita mumewe, wa maneno machache. Akizungumza na wanawe Kimwera, sisi tuliambulia neno moja moja, naye Kimatumbi chetu alikisema kwa namna ya kutuchekesha. Mimi nilimtania sana, maana ndiyo desturi ya mawifi, na yeye alinivumilia. Walikuwa na watoto wawili, mvulana mkubwa kidogo na msichana aliyekuwa bado anabebwa akichoka.

Basi ndipo ikaja pamba. Tangu Wajerumani washike pwani kulikuwa na kodi, na kodi watu waliizoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Pamba ilikuwa jambo jingine. Kila jumbe aliamriwa alime shamba kubwa, na watu wa kijiji walilima kwa zamu, kwa kusimamiwa na mnyapara mwenye kiboko. Ulilima pamba ya serikali huku mtama wako unaliwa na nguruwe. Wazee hawakusamehewa.

Siku baba alipopigwa nilikuwepo. Magoti yake yalikuwa yameshaisha, na palizi ile ilikuwa ya kuinama tangu jua kuchomoza. Mwiba ukamwingia kisiginoni. Akaketi chini autoe. Mnyapara, kijana wa kumzaa, akamkuta ameketi.

"Umekuja kupumzika, mzee?"

"Natoa mwiba, bwana."

Hakumwacha autoe. Alimlaza kifudifudi kati ya mistari ya pamba, akamchapa mbele ya wajukuu wake na mke wa mwanawe. Baba hakulia. Kilichonikaa rohoni ni kwamba alipomaliza kuchapwa aliinuka, akajifunga shuka yake vizuri, akaokota jembe akaendelea.

Kaka alikuwa msituni siku zile. Aliporudi alimkuta baba amelala kifudifudi, mimi nampaka mafuta ya nazi mgongoni. Alikaa chini karibu na kitanda akautazama mgongo ule muda mrefu.

Baba akasema bila kugeuka, "Usifanye kitu. Wana bunduki."

"Sifanyi kitu, baba."

Kesho yake alfajiri alikwenda shambani kwa jumbe, akamwambia mnyapara, "Kuanzia leo zamu ya mzee ni yangu. Nihesabu watu wawili." Na kweli akafanya kazi ya watu wawili, msimu mzima. Zamu yake, zamu ya baba, na siku zilizobaki msituni akichimba, maana kodi haikungoja. Alikonda mpaka mabega yakawa kama mti wa mizani. Lakini jioni tuliendelea kukisikia kicheko kile kikija njiani, na wanawe wakaendelea kukimbia kumpokea, na baba hakusikia hata siku moja mtu akitaja neno zamu ndani ya nyumba ile.

Habari za maji zilikuja polepole, kwanza kwa minong'ono. Kule mtoni, walisema, yuko mganga mwenye dawa. Ukinyunyiziwa na ukanywa, risasi ya Mzungu inageuka maji. Watu wakaenda makundi kwa makundi. Halafu wajumbe wake wakaja kwetu na vibuyu na punje za mtama. Wanaume wa kijiji wakapanga mstari.

Wifi alimwuliza mumewe mbele yangu, tulipokuwa tunachagua kunde. Hakuwa mtu wa kuzungukazunguka.

"Baba watoto, wewe unayaamini hayo maji?"

Kaka aliendelea kuchagua. "Maji siyajui. Mgongo wa baba naujua."

"Kwa hiyo utakwenda."

"Nitakwenda, mama watoto."

Wifi akarudi kwenye kunde zake. Nilidhani angelia au angemzuia. Alisema tu, "Basi leo nitapika kuku," akainuka kumfukuza jogoo.

Vita vyetu vilianza kwa kung'oa pamba. Wanaume waliingia katika shamba la jumbe mchana kweupe, wakang'oa, na sisi wanawake tukasimama kandoni tunapiga vigelegele. Mnyapara alikuwa ameshatoroka. Katikati ya kelele baba akatokea na mkongojo wake. Aliingia shambani, akachagua mche mmoja, akaukamata kwa mikono miwili. Ulikuwa na mizizi mirefu na yeye hakuwa na nguvu. Kijana mmoja akataka kumsaidia, kaka akamzuia kwa mkono. Watu wakangoja. Baba alivuta, akapumua, akavuta tena, mpaka mche ukatoka na udongo wake. Akautupa nyuma bila kuutazama, akarudi nyumbani.

Wanaume wakaondoka kwa magobori na mikuki. Mwanzoni habari zilikuwa njema. Maakida walikimbia, maduka yalivunjwa. Halafu habari zikakatika.

Kaka alirudi mara moja tu, alasiri moja, wifi akiwa anatwanga. Alikuwa na jeraha begani, limefungwa kwa kitambaa cha mtu mwingine. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakushika mchi. Alikula amesimama, kisha akatuita, mimi, mkewe na baba, akatueleza waziwazi.

"Maji hayazuii. Nimeona kwa macho yangu. Wana bunduki moja inatema bila kupumzika, na vijana wanaikimbilia huku wanapiga kelele, maji, maji. Wanaanguka kama mtama. Askari watafika huku. Watachoma nyumba na chakula. Chukueni watoto na wazee wote wa kijiji, twende kwenye mashimo."

Jioni ile, jua bado lipo, alituongoza msituni. Alituweka katika mashimo ya zamani, familia hii hapa, familia ile kule, akatufunika kwa matawi. Aliwaonya kina mama wenye wachanga wasiwashe moto. Kila shimo aliingia kwanza mwenyewe, akapiga kuta kwa ngumi, kama halifai akasema, "Hili litaporomoka, twende mbele." Askari walikuja kweli. Walipita karibu nasi hata tukasikia wakizungumza. Kijiji kilichomwa, ghala za mtama nazo, na moshi ule ulinukia bisi. Lakini hakuna mtu wa kijiji chetu aliyeshikwa siku ile. Hata mmoja.

Wakati huo yeye hakuwa nasi tena. Baada ya kutufunika alimwambia baba kwamba anarudi.

"Unarudi kufanya nini?" baba akauliza. "Si umesema maji hayazuii?"

"Vijana wa kwetu wako ng'ambo ya mto, baba. Bado wanaamini. Lazima mtu awaambie. Akiwaambia mwoga aliyebaki nyumbani hawatamsikia. Mimi wameniona mbele, na jeraha ninalo."

Baba alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, huyo huyo. Mwishowe akasema, "Nenda. Rudi na watoto wa watu."

Kaka alimuaga wifi kwa kumgusa bega. Mimi alinitania, kwamba nisije nikamgombeza mkewe shimoni, hamna pa kukimbilia.

Yaliyofuata tulisimuliwa na mmoja wa vijana wale. Kaka aliwakuta wanajiandaa kushambulia tena. Wengine walimtukana, wakamwita msaliti. Akafungua kile kitambaa akawaonyesha bega. Akawaambia, "Mimi nilikunywa maji yale yale mliyokunywa ninyi." Ndipo wakamfuata. Akawapitisha nje ya njia, ndani ya vijito, na walikuwa wamekaribia msitu walipokutana na askari kwenye mbuga. Kaka akawaamuru wakimbie. Yeye akabaki nyuma ya kichuguu na gobori lake. Alipiga upande huu wa kichuguu, akashindilia, akapiga upande ule, ili askari wadhani wapo wengi. Wakasimama kweli. Vijana wakafika msituni, isipokuwa mmoja aliyepigwa paja akaanguka katikati ya mbuga. Kaka akaacha kichuguu chake, akamwendea, akamburura mpaka kwenye vichaka mikono ya wenzake ikamdaka. Risasi ilimpata kaka hapo alipogeuka kuwakabidhi, akiwa amewapa askari mgongo, mikono yake yote miwili ikiwa bado imeshika kwapa za mtoto wa mtu.

Yule kijana alitusimulia huku analia. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mmemzika?"

"Hatukuweza, shemeji."

"Yuko upande gani?"

Akaonyesha kwa mkono. Askari walipokwisha kwenda zao tulitoka, wifi, mimi na baba. Tulimwambia baba abaki na watoto. Akasema watoto watakaa na watu, yeye anamwendea wake.

Tulimkuta kandokando ya vichaka, amelala ubavu. Wifi hakupiga ukelele. Alipiga magoti, akamtoa majani kwenye nywele, akamwambia sentensi moja ndefu ya Kimwera. Sikuielewa na sijawahi kumwuliza maana yake. Tulimchimbia pale pale. Ardhi ilikuwa kavu. Baba alishika jembe wa kwanza akakataa kuliachia mpaka pumzi ilipomwishia. Hatukuwa na sanda, tukamfunika kwa kanga yangu. Baba alimsomea alichokijua. Alipofika mwisho akaanza tena kutoka mwanzo, na tukamwacha.

Baada ya vita ilikuja njaa, na njaa iliua wengi kuliko bunduki. Tulikula mizizi ya ndiga, ile ambayo usipoiloweka siku nyingi inakuua. Watoto walivimba matumbo. Ndipo wifi akasema, "Kwetu kuna ming'oko, na ndugu. Tuondoke." Nilimwambia kwamba anaweza kwenda na wanawe, mimi na baba si mzigo wake. Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha. Kisha akanipa sufuria nibebe.

Tulitembea kuelekea kusini, tukizikwepa barabara. Yeye ndiye aliyekuwa mbele. Aliujua mmea wa ming'oko kwa jani tu, akachimba kwa kijiti, tukala vile viazi vya porini vya moto, vya majivu. Tulipofika mto mmoja uliojaa, baba hakuweza kuvuka. Wifi aliwavusha watoto, akarudi, akamgeuzia baba mgongo, akainama.

"Panda, baba."

Baba alirudi nyuma. Kwetu mke wa mwana hata kukaa karibu na mkwewe ni aibu, seuze kumbeba. "Haiwezekani, mwanangu. Mkwe habebwi na mke wa mwanawe. Niache hapa."

Wifi hakuinuka. Alisema akiwa ameinama vile vile, maji yanapita miguuni mwake, "Leo mimi si mke wa mwanao. Mwanao ni mimi. Panda."

Baba akapanda. Alifumba macho mpaka ng'ambo, na mimi niliwafuata nikiwa na sufuria kichwani na sikuona vizuri ninapokanyaga, kwa machozi.

Kilangala walitupokea. Baba aliishi pale mvua mbili, akafa kitandani, amezungukwa na watu wanaozungumza Kimwera, naye alikuwa ameanza kukijibu. Sisi wawili na watoto baadaye tulihamia Lindi mjini, mtaa wa Mtanda, tukawa tunakaanga vitumbua kwa ajili ya wachukuzi wa bandarini. Mimi nilipata mume mwingine, mwashi, mtu mpole. Wifi wanaume walimjia pia. Aliwakaribisha vizuri, akawalisha vitumbua, akawaaga.

Mjini hatukumwambia mtu jinsi kaka alivyokufa. Boma la Wajerumani lilikuwa pale pale, na mtu aliyejulikana kuwa wa maji alifungwa au alinyongwa, na watu wake waliandamwa. Tukiulizwa, tulisema aliugua. Kila niliposema hivyo nilihisi kama nimemzika mara ya pili, lakini tulikuwa na watoto wa kulinda.

Kisha yule msichana akakua, akaposwa na kijana mshona kofia. Nduguye ndiye angekuwa walii wake, maana baba hana. Asubuhi ya ndoa, wifi alimwita mwanawe jikoni, nami nikiwepo.

"Utakapomwozesha dada yako, utataja jina la baba yako lote, na la babu yako. Kwa sauti."

Kijana akashusha sauti yake. "Mama, humo barazani mna karani wa boma. Na askari wawili."

"Nimewaona. Kwa sauti."

Wanawake tulijazana chumba cha ndani, masikio ukutani. Tukamsikia shehe akisoma, kisha tukamsikia kijana wetu. Alitaja jina la kaka yangu, la baba yangu, na la mahali walipotoka, mbele ya mji mzima. Miaka yote ile mimi sikuwa nimelisikia jina lile likitamkwa mbele za watu. Mtu mmoja barazani akauliza, "Huyu ni yule mchimba sandarusi?" na kijana akajibu, "Ndiye." Yule karani, niliambiwa baadaye, aliendelea kula halua yake huku anatazama mkeka. Pengine hakusikia. Pengine naye alikuwa mtoto wa mtu.

Wali ulipoanza kupakuliwa, mtu akabisha hodi mlango wa jikoni. Alikuwa mzee mgeni, mvi tupu, aliyekuja Lindi kuuza mikeka na kulisikia lile jina barazani. Akauliza mjane ni nani. Nikamwonyesha wifi, aliyekuwa ameinama kwenye chungu, mikono imejaa tui. Yule mzee alimzidi umri kwa mbali. Akavua kofia yake.

"Shikamoo, mama," akasema. "Mdogo wangu alikuwa ng'ambo ya mto ule. Sasa ana watoto."

Wifi alisita. Kuitikia shikamoo ya mtu wa umri ule si adabu, na yeye adabu aliijua. Alimtazama, akafuta mikono yake taratibu kwenye kanga.

"Marahaba," akasema. Halafu akachukua sahani, akaijaza mpaka ikafurika. "Karibu ukae, baba. Ule kabla wali haujapoa."